Malaria, taifodi na UTI kwenye karatasi moja: tusome majibu ya maabara pamoja

#1 Darubini_x100 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Kuna karatasi ya maabara iliyoenea nchi nzima. Juu imeandikwa mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) Pos. Katikati Widal O 1:80, H 1:160. Chini mkojo: pus cells (seli za usaha) 4–6, epithelial cells (seli za ngozi) many. Mgonjwa anaambiwa ana malaria, taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa mpigo, anatoka na mfuko wa dawa na ratiba ya sindano.

Inawezekana mtu akawa na vyote vitatu? Inawezekana, kama inavyowezekana kupoteza funguo, simu na pochi siku moja. Ila kila anayepata homa akikutwa navyo vyote, tatizo liko kwenye kusoma karatasi. Uzi huu si wa kutukana madaktari. Tunapita mstari kwa mstari: kipimo kinaona nini, hakioni nini, na kinaharibika wapi. Mimi naanza na malaria na taifodi. Mkojo nawaachia wenye mkojo wao, nawajua wako humu.

Malaria, kipimo cha haraka. Kile kipande cha plastiki hakimwoni mdudu. Kinanasa protini inayoitwa HRP2, ambayo vimelea vya falciparum (moja ya aina za vimelea vya malaria) huimwaga kwenye damu. Vimelea vikifa leo kwa dawa mseto, protini inaendelea kuzunguka wiki 2 hadi 4, kwa wengine hata zaidi. Kwa hiyo aliyemaliza mseto wiki iliyopita akipimwa tena kwa mRDT, mstari unatokea. Hiyo haimaanishi "malaria sugu". Anayetaka kujua kama amepona apimwe kwa darubini, yaani BS.

Namna ya kukifanya, kwa kuwa siku hizi vinapimwa hadi dukani:

Angalia tarehe, kisha chana pakiti muda huo huo wa kupima. Ndani kuna kifuko cha kukausha unyevu. Kama ni cha aina inayobadilika rangi na kimebadilika, tupa kipimo chote. Futa kidole cha pete kwa spiriti, halafu SUBIRI ikauke. Wengi wanachoma kidole kikiwa bado kinang'aa spiriti, chembe za damu zinapasuka na damu haitembei vizuri kwenye karatasi. Choma pembeni ya ncha ya kidole, si katikati, kwa sababu katikati panauma zaidi. Damu inayotakiwa ni maikrolita 5 tu, yaani hadi kwenye alama ya kile kijiti au kipipeti. Weka kwenye kishimo kidogo. Maji ya kipimo yanaingia kwenye kishimo kingine, matone kama kampuni ilivyoandika, na yawe ya boksi hilo hilo. Maji ya kampuni nyingine, au maji ya dripu, yanaweza kuchora mstari wa uongo.

Kisha saa. Kuna vinavyosomwa dakika ya 15, vingine ya 20. Ukikiacha ukaenda kunywa chai, ukirudi baada ya nusu saa unaweza kukuta mstari ambao haukuwepo. Huo hausomwi.

Taifodi, Widal. Kipimo hiki kimepewa jina la Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria, kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umewahi kutengeneza dhidi yao. Ukiishi mahali ambapo maji na choo vinakutana mara kwa mara, silaha hizo unazo hata ukiwa mzima kabisa. Karatasi inaandika kingamwili za aina mbili, O na H, na namba kama 1:160 ni damu iliyozimuliwa mara 160 na bado ikajibu. H hubaki juu miezi, hata miaka. Salmonela wengine wasio wa taifodi wanaipandisha, malaria yenyewe inaweza kuipandisha, ugonjwa wa ini pia.

Halafu kuna upande wa pili ambao hausemwi: mwenye taifodi ya kweli akija siku ya 3 ya homa, Widal inaweza kuwa safi. O huanza kupanda karibu siku ya 6 hadi 8, H siku ya 10 hadi 12. Yaani kipimo kinamshtaki mzima na kumwachia mgonjwa.

Kuitumia kwa haki kunahitaji damu mara mbili, kwa kupishana siku 7 hadi 14, na kiwango kipande mara nne, mfano kutoka 1:40 hadi 1:160. Hebu niambieni ni wapi mmeona mgonjwa akiitwa mara ya pili.

Karibuni.

#2 Kijana_wa_Buza

Shikamooni wakubwa. Swali: kwenye mRDT, mstari wa T (wa majibu) ukiwa hafifu sana, mpaka uinamishe kwenye mwanga ndiyo uuone, unahesabika au ni nusu malaria?

#3 Mganga_wa_Zamu

Marahaba. Unahesabika, ili mradi C (mstari wa kuthibitisha kuwa kipimo kinafanya kazi) ipo na umesoma ndani ya muda. Hafifu au mzito, jibu ni moja: kipo. Unene wa mstari si kipimo cha ukali. Mtu anaweza kuwa na mstari hafifu na hali mbaya.

C ikikosekana, hata T ikiwaka kama taa, kipimo kimekufa. Rudia kwa kingine.

Na nimsahihishe kidogo mwanzisha uzi kwa alichokiruka. Kipimo kinachosoma HRP2 peke yake kinaona falciparum tu. Malariae na ovale, ambao wapo Afrika Mashariki ingawa ni wachache, kinawapita. Vilevile kuna falciparum waliopoteza kabisa jeni ya kutengeneza HRP2. Eritrea, Ethiopia na Djibouti wanalijua tatizo hili. Kwa hiyo mgonjwa aliyetoka huko, au mwenye dalili nzito na kipimo safi, damu yake iende kwenye darubini. Wengine homa ikiendelea, kipimo kirudiwe baada ya siku 1 au 2, kwa sababu vimelea vikiwa chini ya 100 hivi kwa maikrolita moja ya damu kipimo kinaweza kuvikosa.

#4 Darubini_x100

Nimepokea sahihisho mkuu.

#5 Mama_Swaumu_TA

Asanteni kwa darasa. Naomba kufahamishwa, ukisikia mtu ana "malaria nne" au "plasi tatu", vinatofautianaje? Na malaria ngapi ndiyo mbaya?

#6 Darubini_x100

Mama Swaumu, hivyo ni vipimo viwili tofauti vya urefu, kama dhiraa na mita.

"Nne" ni hesabu. Mpimaji anahesabu vimelea huku akihesabu seli nyeupe mpaka zifike 200. Akikuta vimelea 4 anaandika 4/200. Seli nyeupe tunazikadiria 8,000 kwa maikrolita, kwa hiyo unazidisha kwa 40: vimelea 160 kwa kila maikrolita. Ni wachache, lakini wapo.

Plasi ni makadirio ya zamani ya slaidi nene (tone nene la damu kwenye kioo). Plasi 1 ni vimelea 1 hadi 10 katika uwanja 100 wa darubini (uwanja mmoja ni duara unaloliona ukichungulia). Plasi 2 ni 11 hadi 100 katika uwanja 100 huo huo. Plasi 3 ni 1 hadi 10 katika uwanja MMOJA. Plasi 4 ni zaidi ya 10 katika uwanja mmoja. Ona kila ngazi ilivyo ndefu. Ndiyo maana hesabu ni bora.

Swali la ngapi ndiyo mbaya halijibiwi na darubini peke yake. Mtoto wa miaka 2 au mjamzito mwenye 4/200 na anatapika kila kitu yuko pabaya kuliko baba wa miaka 40 mwenye 60/200 anayekula ugali. Ukali unatazamwa kwa mgonjwa: degedege, kulegea asiweze kukaa, usingizi usioamshika, kupumua kwa shida, macho ya manjano, mkojo mweusi kama kokakola, kushindwa kunywa au kunyonya. Mojawapo likiwepo ni hospitali sasa hivi, habari za plasi baadaye.

Na slaidi kuandikwa "haijaonekana" inatakiwa ipitiwe uwanja 100 wa slaidi nene. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 inakaa dakika 10 hivi, ya asilimia 3 inakaa dakika 30 hadi 45. Mkiona majibu ya BS yametoka dakika 5 baada ya kuchomwa kidole, ulizeni slaidi imekauka saa ngapi.

#7 Kopo_Jeupe

Nimeitwa. Tuingie kwenye mkojo.

Kosa la kwanza linafanyika kabla maabara haijaugusa. Mtu anapewa kopo, anaelekezwa choo kilipo, basi. Hakuna aliyemwambia mkojo upi. Na mkojo si mmoja. Una sehemu tatu, na kila sehemu ina ugonjwa wake:

Mkojo wa KWANZA kutoka, ml 10 hadi 20, bila kuosha, na uwe hujakojoa kwa saa 1 au zaidi: huo ni wa kutafuta kisonono na klamidia kwa vipimo vya vinasaba, kwa sababu unasomba vilivyoko kwenye mrija.

Mkojo wa KATIKATI: huo ndio wa UTI.

Mkojo wa MWISHO kabisa, yale matone ya kumalizia, ukichukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana: huo ni wa kichocho, maana mayai hutoka kwa wingi muda huo. Ukimruhusu mtu atembee au aruke kidogo kabla, ni bora zaidi.

Mtu wa Ukerewe mwenye damu kwenye mkojo akichukuliwa mkojo wa katikati saa 1 asubuhi, anaandikiwa "hakuna kichocho, seli za usaha nyingi, UTI". Anapewa antibayotiki. Kichocho kinacheka.

Sasa mkojo wa katikati kwa mwanamke, maana hapa ndipo panapoharibika zaidi. Nawa mikono. Jisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, bila dawa ya kuua vijidudu. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole viwili na USIACHIE mpaka umalize. Anza kukojoa chooni. Bila kukata mkojo, ingiza kopo, kinga ml 20 hadi 30 (kama nusu kikombe kidogo cha kahawa), toa kopo, malizia chooni. Usiguse ndani ya kopo wala ndani ya kifuniko, na kifuniko usikilaze kifudifudi kwenye sinki. Ukiwa kwenye siku zako sema, maana damu inavuruga kila kitu. Mwanaume ambaye hajatahiriwa arudishe govi nyuma kwanza.

Kisha mkojo ufike mezani ndani ya saa 1, zikizidi sana 2. Bakteria wa utumbo, kwenye joto zuri, anajigawa mara mbili kila dakika 20 hivi. Saa moja ni mizunguko mitatu: mmoja amekuwa wanane. Saa nne dirishani Dar es Salaam, huyo mmoja ana ukoo wa elfu nne na ushee. Kopo likichelewa liwe kwenye friji, nyuzi 4, si zaidi ya saa 24.

#8 Kijana_wa_Buza

Duh. Kwa hiyo ile ya kukojoa nyumbani asubuhi, unaiweka kwenye chupa ya maji ya Uhai, unapanda daladala mbili...

#9 Kopo_Jeupe

Hiyo unapeleka shamba la bakteria, kijana wangu. Na chupa ya juisi ni mbaya zaidi, kijiti cha kupimia mkojo kitasoma sukari tukuogopeshe bure.

Tuendelee na karatasi yenyewe. Mstari wa kuangalia kwanza si "pus cells" bali ule wa epithelial cells. Hizo ni seli za ngozi ya nje ya uke au ya njia. Zikiwa nyingi, kopo limechota vya nje, na seli za usaha na bakteria walioandikwa pembeni yake huenda nao ni wa nje. Karatasi ya mwanzisha uzi, "pus cells 4–6, epithelial many", kwa mwanamke asiye na maumivu ya kukojoa, si UTI. Ni mkojo wa kurudia kwa kopo safi.

Seli za usaha zinaanza kuwa na uzito zikizidi 5 hadi 10 kwa uwanja, na hata hapo zinasema kuna mwasho tu. Kisonono, fangasi, kichocho, jiwe la figo, TB ya figo, vyote vinaleta usaha.

Kijiti: nitriti inasomwa sekunde ya 60, lukosaiti (seli za usaha) dakika ya 2. Ukivisoma vyote pale pale kwa kuwa foleni ni ndefu, umesoma rangi isiyoiva. Nitriti ikiwaka ni ushahidi mzuri, kwa sababu mkojo wa kawaida hauna. Bakteria kama E. coli ndio huitengeneza kutokana na nitrati ya vyakula. Lakini wanahitaji mkojo ukae kibofuni kama saa 4. Anayekojoa kila nusu saa kwa sababu ya UTI yenyewe, nitriti inaweza kuwa safi.

#10 Dada_wa_Mikocheni

Naomba mliongelee hili la "UTI sugu". Dawa zinatumika mwezi hadi mwezi, kipimo kinarudi vile vile.

#11 Mganga_wa_Zamu

Dada, hilo jina lingefutwa kazi kungekuwa na amani. Lina mambo manne yaliyofungwa kwenye kanga moja.

La kwanza, haikuwa UTI. Kuwashwa, uchafu mzito kama maziwa yaliyoganda: fangasi. Uchafu mwepesi wenye harufu ya samaki: bakteria wa uke wamepoteza uwiano wao. Kila antibayotiki unayotumia kwa "UTI" inaua walinzi wa uke na kuwapa fangasi nafasi. Matibabu yanakuwa kiwanda cha ugonjwa.

La pili, ni ugonjwa wa zinaa na mwenzi hajatibiwa.

La tatu, bakteria wapo lakini hawana madhara. Wanawake wengi, hasa wenye umri mkubwa au kisukari, wana bakteria kibofuni bila dalili yoyote. Hao hawatibiwi. Wanaotibiwa bila dalili ni wajawazito, kwa sababu figo zao zinashambuliwa kirahisi, na wanaokwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Kupima mkojo "kuona kama imeisha" kwa mtu ambaye dalili zimeisha ni kutafuta ugomvi.

La nne ndilo sugu la kweli: dalili zinarudi, bakteria ni yule yule, dawa hazimwezi. Hapa hakuna kubahatisha tena. Mkojo UOTESHWE (bakteria wakuzwe maabara), siku 2 hadi 3, na majibu yaje na orodha ya dawa: S inamaanisha inamuua, R haimwezi, I ipo katikati. Anayehesabiwa ni bakteria wa aina moja 100,000 au zaidi kwa ml. Kwa mwanamke mwenye dalili za wazi, hata 1,000 tunamsikiliza. Zikitajwa aina tatu au zaidi, ni kopo chafu, rudia. Mkojo uchukuliwe KABLA ya dozi mpya. Na pima sukari ya damu.

Mwanaume: UTI kwake si jambo la kawaida la kupewa vidonge na kwenda. Kijana, tazama zinaa. Mzee, tezi dume.

#12 Zahanati_ya_Mwisho_wa_Lami

Wakuu nawasoma, na mnaongea kweli, ila mnaongea mkiwa mjini. Huku hakuna kuotesha damu wala mkojo. Kuna mRDT, kijiti cha mkojo na Widal. Homa siku ya 8, mRDT safi, tumbo linauma. Mkiniondolea Widal nabaki na nini?

#13 Mganga_wa_Zamu

Hoja nzito, na haina jibu la mkato.

Unabaki na mgonjwa. Taifodi ina tabia zake: homa inapanda ngazi kwa ngazi siku hadi siku, kichwa kinauma, hamu ya kula inakwisha, tumbo linafunga au kuhara, kikohozi kikavu kidogo. Haianzi ghafla jioni na kuisha kesho. Homa ya siku 1 au 2 yenye mafua na koo si taifodi, hata Widal iseme 1:320. Homa ya zaidi ya siku 5 hadi 7, malaria imeondolewa, kifua, masikio na mkojo vimeangaliwa, mtaani kuna wengine kama yeye: hapo unaruhusiwa kuanza dawa kwa akili yako ya kitabibu, na Widal ya 1:320 inaweza kusukuma mizani kidogo. Ikiamua peke yake, umepotea.

Ukianza, maliza. Sindano 3 za seftriaksoni kisha kuacha si tiba ya taifodi. Ni siku zisizopungua 7, wengi huenda 10 hadi 14. Na tena, hata dawa ikiwa sahihi homa hushuka polepole, siku 3 hadi 5. Kubadilisha dawa siku ya pili kwa kuwa "bado ana joto" ndiko kunakotuletea wadudu wasioogopa chochote. Tumbo likikaza ghafla kama ubao wiki ya tatu, utumbo umetoboka: huyo ni wa gari, si wa sindano.

#14 Darubini_x100

Naongezea kwa Zahanati: kama Widal lazima ifanyike, ifanywe kama kitabu kinavyosema. Tone moja la dawa na tone moja la damu kisha "reactive" si jibu. Kwenye kigae weka maji meupe ya damu (si damu nzima) maikrolita 80, 40, 20, 10 na 5. Kila moja tone moja la antijeni (ile dawa ya kipimo). Zinalingana na 1:20, 1:40, 1:80, 1:160 na 1:320. Changanya, zungusha, soma ndani ya DAKIKA MOJA. Ukipitiliza, kingo zinakauka na kutengeneza chenga zinazofanana kabisa na jibu chanya, na feni ikiwa juu yako ndiyo kabisa. Chupa ya antijeni inakaa nyuzi 2 hadi 8, inatikiswa taratibu kabla, na kila siku inajaribiwa kwa sampuli chanya na hasi zinazokuja nayo. Chupa inayoshinda mezani kwenye joto la nyuzi 33 inaweza kusema chochote.

Kwa walio karibu na hospitali ya kuotesha damu: mtu mzima anatoa ml 8 hadi 10, kabla ya antibayotiki. Watu wanalalamika damu nyingi. Sababu ni kwamba katika taifodi mara nyingi ml 1 ya damu ina bakteria 1 hivi tu. Ukichota ml 2 unacheza bahati nasibu. Hata ukifanya vizuri, kuotesha kunawakamata kama 40 hadi 60 kati ya wagonjwa 100. Jibu hasi halimfuti mgonjwa mwenye dalili kamili.

#15 Kijana_wa_Buza

Sasa kama si malaria, si taifodi, si UTI, homa zote hizi ni nini?

#16 Mganga_wa_Zamu

Swali zuri kuliko yote humu. Watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 wenye homa walichunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakachapishwa 2014. Malaria ilikuwa asilimia 10.5, njia ya mkojo 5.9, taifodi 3.7. Zaidi ya nusu, asilimia 62, walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wengi wao ni virusi tu, ambavyo havisikii antibayotiki yoyote.

Moshi nako, 2007 hadi 2008, watu 870 waliolazwa kwa homa: 528 walihesabiwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Wengine walikutwa na vitu ambavyo karatasi zetu hazina hata mstari wake: bruselosi ya maziwa mabichi, leptospirosi ya mkojo wa panya na mifugo, homa ya Q. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama unafuga mbuzi au unakunywa maziwa bila kuchemsha, hapigi soga.

#17 Duka_la_Pembeni

Niongeze la upande wa dawa, maana vipimo vikiwa sahihi watu wanaharibia hapa. Mseto wa vidonge vya 20/120 (artemetha miligramu 20, lumefantrini 120). Kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1 kwa dozi. 15 hadi chini ya 25, 2. 25 hadi chini ya 35, 3. 35 na kuendelea, 4. Dozi ni sita. Kosa kubwa liko kwenye dozi ya PILI: ni saa 8 baada ya ya kwanza, si 12. Baada ya hapo ndiyo asubuhi na jioni kwa siku mbili. Umeanza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Umeanza saa 2 usiku, weka kengele saa 10 alfajiri, amka umeze.

Meza na mafuta: kikombe cha maziwa, karanga, mboga ya nazi. Dawa ya pili ndani ya kidonge, lumefantrini, bila mafuta inapita tumboni na kutoka kama msafiri. Chai ya rangi na mkate mkavu haisaidii. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi nzima, kisha urudi dukani au kituoni kuchukua cha kufidia ili dozi ya mwisho isipungue.

Na mtu akiniomba "dawa ya malaria na taifodi kabisa nimalize" bila kipimo, ninamrudisha. Ananuna, anakwenda duka la pili.

#18 Mama_Swaumu_TA

Nimeelewa sana. La mwisho kwangu: mtoto mchanga, mkojo wa katikati unaupataje? Wengine wanabandikwa mfuko.

#19 Kopo_Jeupe

Mama Swaumu, mfuko unatosha kwa kijiti tu: ukiwa safi, unaondoa UTI kwa kiasi kizuri. Ukiwa mchafu hauthibitishi chochote, na mkojo wa mfuko HAUOTESHWI, kwa sababu umegusa ngozi na kinyesi.

Njia ya bila sindano: mnyonyeshe kwanza, subiri kama dakika 20. Msafishe kwa maji na umkaushe. Mmoja amshike, mwingine awe na kopo limefunguliwa tayari. Chukua shashi iliyolowa maji ya baridi, sugua kwa mduara chini ya kitovu, juu ya kibofu, hadi dakika 5. Baadhi wanaachia. Mkojo ukianza, acha matone ya kwanza, kinga yanayofuata. Kopo liwe karibu muda wote, hasa kwa wa kiume, maana akiachia hakupi taarifa na hachagui anamlenga nani. Akigoma, hospitalini wanapitisha mpira mwembamba kibofuni, na mkojo wa mpira ndio unaoaminika kuoteshwa.